Macho Kwanza, Jina Baadaye

Kwenye kliniki ya ngozi ya hospitali ya KCMC, Moshi, mwanafunzi hataji ugonjwa kabla hajamaliza kueleza anachokiona. Ukiutazama kwa mara ya kwanza, utaratibu huu unaweza kukuudhi. Mgonjwa amepanda daladala alfajiri ili aambiwe anaumwa nini, na aliyevaa koti jeupe mbele yake anaonekana tayari kudhani anajua. Mkufunzi hamwachi. Eleza kwanza, anamwambia. Hilo ni doa au kipele? Limelingana na ngozi au limeinuka? Ukingo wake unaonekana wazi, au unafifia taratibu hadi hujui doa limeishia wapi? Lina magamba, lina gaga, au limekauka tu? Nywele zipo juu yake? Upande wa pili wa mwili umeuangalia?

Mwanafunzi akisema "nadhani ni choa", anarudishwa mwanzo. Si kwamba amekosea. Huenda amepatia kabisa. Lakini jina likishatamkwa, macho huanza kutafuta yanayolithibitisha na kuyaruka yanayolikana, na ngozi ina magonjwa mengi yanayovaa sura moja.

Kituo cha mafunzo ya ngozi chenye kliniki hii, ambacho wengi hukiita RDTC, kilianza mwaka 1992 ndani ya eneo la hospitali hiyo ya rufaa, na mwanzilishi wake alikuwa daktari wa Kijerumani, Henning Grossmann, akiungwa mkono na taasisi ya kimataifa ya madaktari wa ngozi. Wazo lilikuwa rahisi. Magonjwa ya ngozi yanajaza foleni za zahanati na vituo vya afya vijijini, ilhali mabingwa wa ngozi wachache waliokuwapo walikuwa mijini. Basi achukuliwe afisa tabibu aliyekwisha kufanya kazi wilayani, afundishwe ngozi kwa miaka 2 mfululizo, kisha arudi kwao. Baadaye yakaongezwa mafunzo ya madaktari wanaosomea ubingwa, miaka 4. Wanafunzi hutoka nchi nyingi za Afrika, na wengine hufika Moshi bila neno hata moja la Kiswahili. Kwa hiyo la kwanza wanalojifunza huwa si jina la ugonjwa wala la dawa, ila "shikamoo", na kwamba mzee huamkiwa kabla ya kuombwa kuvua shati.

Mzee niliyemwona akiamkiwa hivyo alikuwa na mabaka matatu mgongoni na moja mkononi. "Marahaba mwanangu," alijibu, akaanza kufungua vifungo mwenyewe. Mwanafunzi, tabibu wa makamo aliyetoka nje ya nchi, alisogeza stuli karibu na dirisha, maana mwanga wa taa ya dari humeza rangi. Akarudi nyuma hatua mbili, akautazama mgongo wote kwa pamoja. Hakusogea mpaka alipomaliza. Kisha akaja karibu, akainama pembeni ili nuru ipite juu ya ngozi kwa mshazari. Kwa mwanga wa namna hiyo, kilichoinuka hata kwa unene wa karatasi hutupa kivuli.

Hapa ndipo vitabu vingi humtupa mkono mwanafunzi. Vitabu vya zamani vya ngozi viliandikwa kwa kutazama miili ya Wazungu, na neno "wekundu" limejaa kila ukurasa. Kwenye ngozi nyeusi uvimbe uleule huonekana wa zambarau, au wa kijivu, au ni weusi uliozidi weusi wa jirani yake. Macho yanahitaji muda kuzoea. Mwanafunzi alitaja rangi ya mabaka ya mzee: yamepauka kuliko ngozi inayoyazunguka, na yana dalili ya rangi ya shaba ukingoni. Mkufunzi alitikisa kichwa kukubali, akasubiri. Makavu, mwanafunzi aliendelea. Vinyweleo vimepungua. Mgongo mzima una jasho, lakini mabaka hayana. Hilo la jasho sikuliona mimi, ingawa nilikuwa nimesimama karibu kumshinda.

Kipimo kilichofuata hakihitaji umeme wala maabara. Unachukua kipande cha pamba, unakisokota mpaka ncha yake ibaki nyuzi chache. Kwanza unamwonyesha mgonjwa macho yakiwa wazi: nikikugusa hapa, weka kidole hapo hapo nilipogusa. Unaanza na ngozi nzima ili aelewe mchezo. Kisha anafumba macho. Nyuzi hugusa mara moja tu na kuondoka, hazipapasi, kwa sababu kupapasa kunaweza kuhisiwa na ngozi ya pembeni. Na mpimaji haulizi "unasikia?" Akiuliza, mzee mwenye adabu zake atajibu "ndiyo" kila mara ili asimvunje moyo kijana. Kidole hakina adabu ya namna hiyo. Pamba iligusa bega, kidole kikaenda begani. Ikagusa chini ya bega, kidole kikafuata. Ikagusa katikati ya baka, na mkono wa mzee ukabaki umetulia pajani, yeye akiwa amefumba macho akingojea zamu ianze.

Mwanafunzi alirudia mara kadhaa bila mpangilio, mara ndani ya baka, mara nje, mara asiguse kabisa. Baada ya hapo akaupapasa mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko, ule ambao ukijigonga mkono mzima hufa ganzi. Huupapasa kwa ncha za vidole viwili, kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo, huku akimtazama mgonjwa usoni na si mkononi, kwani maumivu huonekana usoni kwanza. Halafu cha upande wa pili, alinganishe unene. Halafu shingo. Halafu akamwomba afumbe macho kwa nguvu, akajaribu kuyafumbua kwa upole. Ugonjwa wa ukoma hushambulia mishipa ya fahamu, na kope isiyofumba vizuri ni jicho linalokauka na hatimaye kupofuka. Baka lililokufa ganzi pamoja na mshipa ulionenepa vilitosha kabisa kumfanya mwanafunzi aruhusiwe kulitaja jina. Alilitaja kwa mkufunzi kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini. Kwa mzee lingesemwa baadaye, kwa kituo, akiwa ameshavaa shati lake.

Kilichobaki kilikuwa kuchukua majimaji ya ngozi, na kazi hii ndiyo iliyonifanya nisahau kuandika.

Sehemu ya kwanza ni ndewe ya sikio. Vijidudu vya ukoma hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, na ndewe ni mojawapo. Inasafishwa kwa spiriti na kuachwa ikauke. Mwanafunzi anaibana kwa kidole gumba na cha shahada mpaka damu yote iondoke na ngozi ipauke. Kubana huko ndiko kunakobeba kazi nzima. Ukilegeza kidogo damu inarudi, na damu ikiingia kwenye kioo itaharibu usomaji. Anabana kwa mkono wa kushoto bila kutetemeka, na kwa wa kulia anashika kisu kidogo cha upasuaji. Mkato ni wa milimita 5 kwa urefu na 2 kwenda chini. Kisu hakitolewi. Kinageuzwa ndani ya mkato ule ule mpaka ubapa wake usimame msalaba, kisha kinakwangua ukuta wa jeraha mara mbili au tatu kuelekea upande mmoja. Kinachopatikana ni ute mzito usio na damu, kiasi cha kulowesha ncha tu. Anaupaka kwenye kioo kwa kuuzungusha, duara lenye upana wa milimita 5 hadi 7, si pana zaidi. Hapo ndipo vidole vya kushoto vinaachia, pamba inakandamizwa, na mzee anaulizwa hali yake. Alisema mbu wa kwao Kahe ni wakali zaidi.

Sikio la pili, kisha baka. Kila sehemu ina duara lake kwenye kioo, yamepangwa mstari mmoja, yana ukubwa mmoja. Nimeona wachoraji wenye mkono mzito kuliko huo.

Kioo kikishakauka hupitishwa juu ya mwali wa moto ili ute ushike. Maabara wanakimwagia rangi nyekundu, wanakiosha kwa spiriti yenye asidi, halafu wanakipaka buluu. Kila kitu hupoteza wekundu kwenye asidi isipokuwa kijidudu kinachotafutwa, ambacho ganda lake la nta halikubali kuachia rangi. Msomaji anatia tone la mafuta, anashusha lenzi, anahesabu. Anapitia maeneo 100 kwenye kila duara, moja baada ya lingine, hata pale yanapoonekana matupu yote. Vijiti vyekundu 10 au pungufu katika maeneo hayo 100 vinapewa alama moja ya kujumlisha. Vikizidi 1,000 kwa wastani katika kila eneo, alama sita. Kijidudu alichokitambua Gerhard Armauer Hansen wa Norway mwaka 1873 hugawanyika mara moja kwa takriban wiki mbili, na dalili zinaweza kuchukua miaka 5, hata 20, kujitokeza.

Chumba cha jirani mambo yalikwenda upesi. Mtoto mwenye mapunye alikwanguliwa magamba ya kichwani, yakawekewa tone la potasiamu haidroksaidi inayoyeyusha ngozi iliyokufa na kuuacha utandu wa kuvu, akaondoka analia kwa sababu ya kalamu aliyonyang'anywa na dadake. Mama mmoja alichukuliwa kinyama mguuni kwa chuma cha mviringo chenye upana wa milimita 4. Nilipenda jambo moja tu hapo, nalo ni dogo: kabla ya kuzungusha chuma, tabibu aliivuta ngozi pande mbili, kwa kukatiza mikunjo yake ya asili, akaachia baada ya kukata. Tundu la duara likajigeuza kuwa yai, na mshono mmoja ukatosha kulifunga.

Huko nyuma kuna kitengo cha kutengeneza dawa, na asiyefika huko hajaiona nusu ya kazi. Dawa ya kupaka ikinunuliwa dukani mara nyingi huja katika kijitubu ambacho hakitoshi mgongo mmoja, kwa bei ya kumkatisha mtu tamaa. Hapa inachanganywa. Chukua marhamu ya Whitfield, ya fangasi: asidi ya benzoiki gramu 6, asidi ya salisiliki gramu 3, na mafuta mazito ya kufikisha gramu 100. Mchanganyaji huvaa barakoa kwanza, kwa kuwa unga wa salisiliki huchoma pua. Anasaga chembe kwenye kinu cha kauri, anazichekecha, anazimwaga juu ya kigae laini. Kisha anafanya alichofanya kila aliyewahi kukoroga uji asipende madonge: anaanza na mafuta kidogo mno, anaupondea unga humo kwa kisu bapa mpaka uishe kabisa, ndipo anaongeza kiasi kinacholingana na kile alichonacho, anasugua tena, anaongeza tena kiasi sawa. Kumwaga mafuta yote kwa mara moja kungeokoa muda, na mgonjwa angekwenda nyumbani na kopo ambalo juu lina dawa na chini lina mafuta matupu. Mwishoni anapaka tone kwenye kipande cha kioo, anakiinua dirishani, anatafuta chembe. Halafu anajipaka nyuma ya kiganja. Ikikwaruza, inarudi kigaeni.

Humo humo ndimo inamotengenezwa Kilisun, losheni ya kuzuia jua kwa watu wenye ualbino, ambao saratani ya ngozi huwaanza mapema kwa kuwa hawana rangi ya kuwakinga. Kliniki huwaona mara kwa mara, na vile vijidoa vikavu vya usoni na mikononi hugandishwa kwa naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, sekunde chache tu, mpaka duara jeupe livuke ukingo wa doa kidogo. Losheni, kofia pana na mikono mirefu ya shati vinaokoa wengi wasifike kwenye kisu.

Mzee alipoitwa tena alikuwa na mke wake. Mwanafunzi alikaa kwenye kiti cha kimo kile kile, akasema neno ukoma kwa Kiswahili chake cha kujifunza, hakulizunguka. Akaonyesha pakiti: vidonge vya siku 28, pakiti 12, dawa tatu ndani yake, rifampisini, dapsoni na klofazimini, bure. Vile vya siku ya kwanza ya pakiti vinamezwa mbele ya mhudumu. Mkojo utakuwa mwekundu siku hiyo, si damu. Ngozi itazidi weusi, hasa mabaka, na itarudi taratibu baada ya dawa kwisha. Mikono na miguu ikaguliwe kila jioni, maana pasipohisi maumivu pataungua bila taarifa. Mzee aliuliza kuhusu sahani yake. Ale na wenzake sinia moja, aliambiwa.

Wote wanaoishi naye, hata hivyo, waje waangaliwe, na huenda wakapewa rifampisini mara moja ya kinga. Mama akaanza kuhesabu kwa vidole: watoto wawili, shemeji aliyehamia mwaka jana, mjukuu aliye shule ya bweni Same. Mwanafunzi aliandika majina yote kwenye kadi, akafika kwa mjukuu, akainua kalamu.

"Huyu wa bweni, mama, shule wanafunga lini?"