Ufundi wa Kutendua

Kuezeka ni kupandisha makuti juu ya paa. Kuezua ni kuyashusha. Aliyeiunda jozi hii hakwenda mbali kutafuta neno la pili. Alikata -eka, akapachika -ua, kazi ikaisha. Ndivyo anika ilivyozaa anua, na bandika ikazaa bandua. Hata sauti zimeangaliwa: choma imepata chomoa, si chomua, kwa kuwa o ya mzizi huita o mwenzake.

Ninayoipenda kuliko zote ni twika na tua. Ni mzizi uleule, ila u ya tua ikikutana na i hugeuka w. Watanzania wanaijua tua kutoka kaulimbiu ya miradi ya maji, kumtua mama ndoo kichwani. Neno moja fupi linasema kwamba mzigo ulikuwepo, na kwamba ulikuwa mzito.

Hapo ndipo penye ustadi wenyewe. Ukanushi wa kawaida hauna kumbukumbu: "hakufunga mlango" inatuambia tu kwamba jambo halikutokea. "Amefungua" inakiri kwamba lilitokea, kisha inaliondoa. Kutokuwepo na kuondolewa ni mambo mawili, na Kiswahili hakiyachanganyi. Wala ustadi huu si wetu peke yetu: Mzulu naye hufunga mlango kwa vala na kuufungua kwa vula.

Lakini si kila -ua ni ya kutendua, yaani ya kuondoa kilichofanywa. Kununua si kuacha kununa, ingawa wapo wenye maduka watakaobisha.

Usahihi huohuo umo kwenye vitu vidogo tunavyovitamka bila kufikiri. Hapana, hakuna na hamna kwa asili zinagawana mahali: hapa, huko, ndani. Anayechungulia mtungi na kusema "hamna" amekwishakueleza alikotazama. Na "hajaja" bado inamwekea mtu chakula. "Hakuja" imekwishaosha vyombo.

Kauli ya kutendua haizai tena kwa wingi. Chakula hakipikuliwi, barua haiandikuliwi; maneno hayo hakuna anayeyasema, na barua tunaifuta tu. Hata hivyo, walioziandikia simu na kompyuta Kiswahili walipotafuta jina la amri ya kurudisha ulichokifanya kimakosa, hawakukopa. Waliandika Tendua, na kila mtumiaji akaelewa.