Nafasi 34 na kijana wa miaka 17

Mzazi wa Marekani ambaye mwanawe wa miaka 16 anarusha mpira wa besiboli kwa maili 86 kwa saa ameshaambiwa na kila mtu: mtoto aonekane. Ampeleke kwenye mashindano, amrekodi video, alipie kambi. Ushauri huo ulikuwa na maana enzi ambazo kocha wa chuo alilazimika kuendesha gari nusu siku kumtazama kijana mmoja. Siku hizi rada ya kupima kasi haikosekani uwanjani na video iko kwenye kila simu. Kinachowakwamisha wengi ni kutoijua hesabu iliyo mezani kwa kocha, na hesabu hiyo imepinduliwa ndani ya miaka michache tu.

Tuanze na fedha. Kwa miaka mingi timu ya Daraja la Kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, iliruhusiwa ufadhili kamili 11.7 basi. Kocha aliukatakata kwa wachezaji wasiozidi 27, na kila aliyepewa alipaswa kupata angalau robo. Ukigawa sawa kwa sawa, kila mmoja anaondoka na kama asilimia 43 ya gharama. Kwa vitendo, mrushaji hodari alimega pande kubwa, wengine wakabaki na robo zao, na familia iliyokwisha kusherehekea skolashipu ikaletewa ankara nene.

Juni 2025 mahakama iliidhinisha mapatano ya kesi ya House, ambayo wachezaji waliifungua dhidi ya NCAA. Vyuo vilivyoyakubali viliondolewa ukomo wa ufadhili, vikawekewa ukomo wa watu: wachezaji 34. Chuo tajiri sasa kinaweza kuwalipia wote. Habari njema, mpaka ukumbuke kwamba vikosi vya watu 40 vilikuwa vimezoeleka. Wale sita waliopungua hawakutoka miongoni mwa nyota. Ametoka yule kijana aliyechukuliwa kwa matumaini, wa kukaa benchi mwaka mzima huku akijenga mwili.

Na hao 34 hawatoki sekondari pekee. Mfumo wa uhamisho wa wachezaji ulifunguliwa Oktoba 2018; tangu 2021 mchezaji wa besiboli anaweza kuhama mara ya kwanza bila kukaa nje msimu mzima, na tangu 2024 anahama mara nyingi apendavyo alimradi masomo yake yako sawa. Ongeza drafti ya ligi kuu, MLB, yaani zamu za timu za kulipwa kuchagua wachezaji wapya, iliyokuwa na raundi 40 hadi 2019 na sasa ina 20: wengi ambao wangekwenda kulipwa wamebaki vyuoni. Kijana wa miaka 17 anagombea kiti na mwanamume wa miaka 22 mwenye ndevu na takwimu za misimu mitatu. Kocha ambaye kibarua chake kinategemea msimu ujao atamchagua nani?

Safari ya mrushaji Paul Skenes inaonyesha pande zote mbili za jambo hili. Alimaliza sekondari ya El Toro, California, mwaka 2020, ule ambao msimu ulikatizwa na korona na drafti ikapunguzwa hadi raundi tano. Hakuchaguliwa. Akaenda chuo cha Jeshi la Anga huko Colorado, ambako watu hawaendi kutafuta umaarufu wa besiboli. Lakini huko alicheza tangu mwaka wa kwanza: alidaka, alirusha, na akapiga homurani 11. Mwanafunzi wa chuo hicho anaweza kuondoka kabla ya kuanza mwaka wa tatu bila deni la utumishi jeshini, na Skenes aliondoka kwa wakati huo hasa, kiangazi cha 2022, kwenda chuo kikuu cha LSU, Louisiana. Huko aliacha kudaka, akabaki mrushaji. Mwaka 2023 aliwaondoa wapigaji 209 kwa straiki, rekodi ya ligi ya SEC, akatwaa ubingwa wa vyuo mjini Omaha, na Julai akawa wa kwanza kabisa katika drafti.

Safari hiyo husimuliwa kama kisa cha kipaji kilichofichika. Mimi naona zaidi uamuzi wa mahali pa kuanzia: alichagua kucheza kila wiki. Tusisahau upande wa pili, kwamba kiti alichokalia LSU ni kiti ambacho hakikwenda kwa mtoto wa sekondari.

Basi kijana afanyeje? Barua pepe iende kwa kocha msaidizi anayeshughulikia usajili, na kichwa chake kiseme yote: mrushaji wa kushoto, anamaliza 2027, futi 6 na inchi 2, maili 87, wastani wa masomo 3.8. Video iwe fupi. Mdakaji aonyeshe kwanza mrusho wa kwenda kituo cha pili bila kukatwa, kwa sababu kocha atashika saa: tangu mpira ugonge glavu yake hadi uingie glavu ya mwenzake, sekunde 2.0 au pungufu humfanya arudie kutazama. Muziki wa kelele utolewe. Kocha anataka kusikia mlio wa gongo.

Asishangae kunyamaziwa. Sheria inamzuia kocha wa Daraja la Kwanza kuwasiliana na kijana kwa ajili ya usajili kabla ya Agosti 1 ya kuingia mwaka wa tatu wa sekondari. Miongoni mwa vinavyoruhusiwa ni matangazo ya kambi, na hapo ndipo familia nyingi hutoboka mfuko. Barua inayoanza kwa jina la mtoto na kumwita mtarajiwa wa pekee huenda imetumwa kwa mamia.

Vyuo vya miaka miwili havipewi heshima vinayostahili. Albert Pujols, nyota wa MLB, alipitia kimoja huko Missouri. Bryce Harper, nyota mwingine, alipitia kingine Nevada na kuchaguliwa wa kwanza katika drafti ya 2010. Mchezaji wa huko anaweza kuingia drafti kila mwaka, wakati wa chuo cha miaka minne kwa kawaida husubiri mwaka wa tatu au umri wa miaka 21.

Linalobaki ni kalenda. Ahadi ya mdomo haimfungi kocha wala kijana. Maandishi ya ufadhili husainiwa Novemba ya mwaka wa mwisho wa sekondari, na ile barua ya kitaifa ya kujifunga na chuo ilifutwa Oktoba 2024. Dirisha la uhamisho hufunguka Juni, drafti hufuata Julai. Kwa hiyo kijana anasaini kabla kocha hajajua nani ataondoka na nani atahamia. Swali la kumuuliza mapema, mbele ya wazazi, ni hili: msimu uliopita, wangapi kati ya waliosaini Novemba walikuwa bado kikosini Agosti?