Mchezo Usio na Zamu

Michezo ya kompyuta imeenea katika miji yote, na mwenye kuitazama kwa mbali huidhania kuwa ni jamii moja. Sivyo. Imo ya mbio, ya mpira, ya shabaha na ya mafumbo. Na imo ile ambayo mchezaji hupewa nchi changa, watu wachache na mali haba, akatakiwa kujenga, kulima, kuchimba, kulinda na kushambulia, hali mahasimu wake wanafanya vivyo hivyo kwa wakati ule ule. Mchezo wa namna hii ulipata umbo lililoigwa na wengi mwaka 1992, kampuni ya Westwood Studios ya Las Vegas ilipotoa Dune II. Ukafuatwa na Warcraft mwaka 1994, Age of Empires mwaka 1997 na StarCraft mwaka 1998. Wapenzi wake hupenda kwa dhati. Hukesha, hurudia pambano moja mara nyingi, hubishana juu ya sekunde, na miaka zaidi ya ishirini baada ya mchezo kutolewa wangali wanaucheza. Mapenzi ya namna hiyo hayafai kupuuzwa kuwa ni utoto, wala hayafai kusifiwa pasipo kupimwa. Yapasa kuulizwa: mpenzi huyu anapenda nini hasa?

Jibu laanzia katika jina. Mfasiri anayefuata neno kwa neno huuita mchezo huu mkakati wa wakati halisi. Jina hili halina kosa la sarufi, ila halielezi kitu. Ni wakati gani usio halisi? Wacheza bao wawili barazani nao wamo katika wakati halisi, na jua huwachwea kama linavyowachwea wengine. Kinachotenga bao na mchezo huu si uhalisi wa wakati, bali ni zamu. Katika bao la Kiswahili mashimo 32 na kete 64 huonekana na kila mtu. Mmoja hunamua au hucheza mtaji wake mpaka alale, na mwenzake hungoja. Sataranji ni hivyo hivyo, na karata kadhalika. Mchezo huu mpya umeiondoa zamu. Hakuna anayengoja, wala anayengojewa; na nchi ya hasimu imefunikwa kwa giza mpaka atumwe mtu wa kuipeleleza. Kwa hiyo kuuita mchezo wa mikakati usio na zamu kuna maana zaidi, na tena jina hilo ni ufunguo wa uhakiki wake. Maana uzuri wake na upungufu wake vyatoka katika chanzo hicho kimoja.

Mfano ulio bora wa kupimia ni Age of Empires II, uliotungwa na Ensemble Studios ya Texas, ukatolewa na Microsoft mwaka 1999, na kutolewa upya mwaka 2019. Kwa kawaida mchezaji huanza na jengo moja kuu la mji, wanakijiji watatu na mpelelezi mmoja. Mali ni za aina nne: chakula, magogo, dhahabu na mawe. Enzi nazo ni nne, tangu Enzi ya Giza mpaka Enzi ya Dola. Mwanakijiji mmoja hugharimu chakula 50, na jengo kuu humtoa kwa sekunde 25 za saa ya mchezo. Hesabu hii ndogo ndiyo mzizi wa yote. Jengo lisilosimama kazi hutoa watu 24 katika dakika kumi. Likisahauliwa kwa sekunde 50, watu wawili wamepotea kabla ya kuzaliwa, pamoja na kuni zote ambazo wangezikata na mashamba yote ambayo wangeyalima. Kuingia enzi ya pili kwataka chakula 500, yaani thamani ya wanakijiji kumi. Na jengo hilo hilo litoalo watu ndilo livushalo mji, wala haliwezi kufanya yote mawili kwa pamoja. Basi mchezaji hana budi kuchagua, na anapochagua saa haisimami.

Hapo ndipo ilipo siri ya mapenzi. Asiyeujua mchezo huu hudhani kwamba hupendwa kwa ajili ya vita, kwa kuwa vita ndivyo vionekanavyo: farasi, ngome zinazoungua, mitambo ya kurushia mawe. Mpenzi anajua kwamba vita ni mavuno tu, na kwamba pambano aghalabu huamuliwa zamani, pale kondoo walipochinjwa kwa mpango au ovyo, na wakata miti walipopelekwa msitu wa karibu au wa mbali. Anachokipenda ni utunzaji. Ni raha ya mwenye nyumba ambaye moto, maji, mtoto na mgeni vyote vinamtaka kwa mara moja, naye akajua kipi kitangoja na kipi hakitangoja. Bao humfundisha mtu kuona mbali. Mchezo huu humfundisha kugawa macho. Hizo ni akili mbili mbalimbali, na haifai moja kupimwa kwa kibaba cha nyingine.

Husemwa kwamba sifa hizi ni za bure, kwa kuwa mshindi ni yule mwenye vidole vyepesi. Neno hilo lina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Mwaka 2019 kampuni ya DeepMind ya London ilipoifundisha programu yake AlphaStar kucheza StarCraft II, ilionekana kwamba mashine isiyowekewa mpaka ingeweza kushinda kwa wepesi ambao hakuna mkono wa binadamu uwezao kuufikia. Ikawekewa mpaka wa wingi wa vitendo, ikanyimwa kuona uwanja wote kwa pamoja, na hata hivyo ikafikia daraja la juu kabisa la wachezaji. Maana yake ni kwamba chini ya wepesi kuna busara inayoweza kupimwa peke yake. Walakini mpenzi asijidanganye: wepesi usipozuiwa huila busara, na huo ni udhaifu wa mchezo wowote ulioiondoa zamu.

Uko udhaifu mwingine ulio mkubwa zaidi, nao unahusu lugha. Katika Age of Empires ya mwaka 1997 watu wa mchezo hutoa sauti zilizo nyingi si za lugha yoyote. Kuhani wake alilia wololo alipomgeuza askari wa adui kuwa wake, na sauti hiyo isiyo na maana ikawa neno la wachezaji wa dunia nzima. Mchezo wa pili ulipanda daraja. Humo kila taifa lina lugha yake: Wareno husema Kireno, Wahabeshi walioongezwa mwaka 2015 husema Kiamhari. Yamo makosa, kama vile kuwasemesha Wabizanti Kilatini ilhali dola yao kwa karne nyingi iliendeshwa kwa Kiyunani. Lakini nia ni njema, na wako vijana wengi ambao sauti ya kwanza ya lugha ngeni waliyoisikia ni ya mkata kuni wa mchezo huu akiitikia.

Basi na yatazamwe maneno yenyewe. Mwanakijiji akiguswa huitika, akiagizwa hukubali, akiambiwa alime husema kwamba analima. Hana neno la pili. Hakatai, haulizi kwa nini, hasemi kwamba amechoka au kwamba shamba la jana lilikuwa na rutuba zaidi. Akipelekwa penye mauti huenda kwa sauti ile ile aliyoitikia alipotumwa kuchuma matunda. Kazi yake ikiisha husimama kimya mpaka bwana wake amkumbuke. Lugha zote za mchezo, ijapokuwa ni nyingi, zimepunguzwa zikawa upande mmoja wa sarufi: huku kuna amri, huku kuna itikio. Mazungumzo ya watu hujengwa kwa zamu. Huyu anena, yule asikia, kisha yule anena. Mchezo ulioiondoa zamu kati ya mahasimu umeiondoa pia kati ya mtawala na watu wake, na kimya hicho ndicho kiwezeshacho mbio zake. Laiti kila mwanakijiji angedai kusikilizwa, sekunde 25 zisingetosha. Mpenzi anayesema kwamba mchezo huu umemfundisha uongozi hana budi kukumbuka kwamba umemfundisha uongozi wa watu wasiosema.

Jambo hili lawagusa Waswahili zaidi ya wengine. Nyongeza ya mwaka 2015 iitwayo The African Kingdoms iliingiza mataifa manne: Waberiberi, Wahabeshi, Wamali na Wareno. Waswahili hawamo miongoni mwao. Hata hivyo pwani yao imo, kwa kuwa kisa kimoja cha nyongeza hiyo ni cha Francisco de Almeida, na mchezaji anayekicheza ndiye Mreno. Historia yajulikana. Julai 1505 Almeida aliiteka Kilwa, Amiri Ibrahim akakimbia, Muhammad Ankoni akawekwa mahali pake na ngome ikajengwa. Agosti mwaka huo huo Mombasa ikatekwa, ikaporwa na kuchomwa moto. Wareno waliiacha ngome ya Kilwa mwaka 1512, na Almeida mwenyewe aliuawa na Wakhoikhoi mwaka 1510, karibu na Rasi ya Tumaini Jema. Haya yote yaweza kusimuliwa katika mchezo, wala si dhambi kumpa mchezaji nafasi ya mtekaji. Fasihi nzuri imefanya hivyo mara nyingi. Upungufu ni kwamba mtekaji amepewa lugha yake, na pwani iliyotekwa haikufanywa taifa linaloweza kuchaguliwa na kusemeshwa kwa lugha yake. Kilwa iliyopiga sarafu zake yenyewe, iliyojengewa Husuni Kubwa, ambayo habari zake za kale zimesalia kwa Kiarabu na pia katika kitabu cha João de Barros cha mwaka 1552, humo ni ufuko wa kufikiwa tu. Na Kiswahili hakikuwa bubu mbele ya Mreno: kilichukua kwake meza, bendera, karata na turufu, kikayafanya yake. Lugha iliyopokea hata maneno ya mchezo kutoka kwa mtekaji ilistahili kupewa sauti mchezoni.

Pana kioja kimoja cha kuzingatiwa. Mchezo mkubwa uliokipa Kiswahili heshima ni Civilization IV wa mwaka 2005, ambao wimbo wake wa kufungulia, Baba Yetu, uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin, ulipata tuzo ya Grammy mwaka 2011, na kuwa wa kwanza kuipata miongoni mwa nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya michezo ya video. Civilization ni mchezo wa mikakati wenye zamu. Pengine ni bahati tu. Na wimbo si mazungumzo. Lakini ni kweli kwamba penye zamu hupatikana nafasi ya kusikiliza.

Je, mpenzi aache mapenzi yake? Hasha. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, walisema wahenga, na mchezo huu ni ufafanuzi wa methali hiyo kwa hesabu. Tena watu wa pwani walimjua bwana huyu anayeitwa wakati kabla ya kompyuta. Nahodha aliyekuja kwa kaskazi alikuwa na miezi yake ya kuuza, kununua, kukarabati chombo na kupakia. Kusi ikifika humwondoa, na akiikosa hukaa bandarini akila mtaji wake mpaka mwaka wa pili. Humo mna mali, mna mipaka, mna hasimu, mna giza la habari zisizofika, na mna saa isiyosimama. Hiki ni kisa cha mikakati kilicho kamili, na hakihitaji hata ngome moja kuchomwa.

Age of Empires II, tangu ilipotoka mwaka 1999, ina chombo cha kumwezesha mchezaji kutunga ramani na visa vyake. Wapenzi wasemao Kiswahili wanaweza kukitumia kuiandika Kilwa ya msimu wa pepo badala ya Kilwa ya moto, na kumpa mwanakijiji wake maneno mawili matatu yaliyo zaidi ya itikio. Hapo uhakiki utakuwa na kazi nyingine ya kupima. Mpaka hapo, hukumu ya haki ni hii: mchezo huu umejua sana kufundisha thamani ya sekunde moja, lakini haujajua kumfundisha mtawala anyamaze sekunde hiyo ili mtu wake aseme.