Wino wenye Uhai na Wino Usio na Uhai

Katika tafsiri zihusuzo uchapaji wa tishu za mwili, neno "wino-hai" hutumiwa kutaja kila kiowevu kizito kitiwacho katika mashine. Kwa maoni yetu, matumizi hayo hayafai. Mwaka 2018 wataalamu wa fani hiyo, akiwemo Jürgen Groll, walitenganisha dhana mbili: wino ambao chembehai ni sehemu yake ya lazima, na wino usio nazo, ambao chembehai huweza kupandwa juu yake baada ya kuchapwa. Tukizichanganya dhana hizo, mtunza ghala wa hospitali aweza kugandisha kitu chenye uhai akakiua, naye akidhani anakihifadhi.

Tunapendekeza "wino-hai" libaki kwa ule wa kwanza peke yake, na wa pili uitwe "wino-kiunzi", kwani kazi yake ni kuwa kiunzi cha chembehai.

"Jeli-maji" nalo lapotosha, kwa kuwa msomaji hudhani ni jeli iliyozimuliwa. Kumbe dhana yenyewe ni wavu wa molekuli ndefu ushikao maji mengi, ukavimba pasipo kuyeyuka. Mfano wake ni aljineti ya mwani wa kahawia, igandishwayo kwa kalisi. "Haidrojeli" nalo humfanya mwanafunzi afikirie haidrojeni. Twaonelea "jeli-shikamaji" lafaa zaidi, kwa kufuata mfano wa "kipimajoto".

Tunawaomba wafasiri na walimu wa sayansi walipime pendekezo hili na kutuletea maoni yao.