Sauti Nne Zinazofukuzana: Jinsi Gentle Giant Walivyoujenga "On Reflection"

Tulikuwa wanne sebuleni, Jumapili baada ya chakula cha mchana, na kila mmoja nilikuwa nimempa kazi. Wa kwanza ashike sauti itakayoanza, wa pili ashike itakayofuata, hivyo hivyo hadi ya nne. Ukishashika yako, usiiache hata kama ya jirani ni tamu zaidi. Nikabonyeza. Haikupita dakika, mwenzetu anayeimba besi katika kwaya ya parokia yake akainua mkono.

"Kaka, rudisha. Mtu wangu kanipotea."

Tulirudisha mara sita alasiri ile. Wimbo wenyewe ni "On Reflection" wa Gentle Giant, bendi ya Uingereza. Ni wa pili katika albamu yao ya Free Hand ya mwaka 1975, na hauna hata dakika 6. Kwa miaka mingi huu ndio wimbo ninaoutoa kwanza kwa mtu anayetaka kuijua roki ya progresivu. Wenzangu wengi hunishangaa. Wao mgeni akibisha hodi humwekea majengo makubwa: "Close to the Edge" ya Yes, zaidi ya dakika 18, au "Supper's Ready" ya Genesis, ambayo inakaribia 23. Ni kazi kubwa zote mbili na ninazipenda. Tatizo ni kwamba mgeni huchoka kabla hajajua sikio lake alielekeze wapi. "On Reflection" humwonyesha. Umejengwa kwa namna ambayo unamfundisha msikilizaji kuusikiliza, na kufundisha huko hakukutokea kwa bahati.

Kwanza tuwajue wajenzi. Ndugu watatu, Phil, Derek na Ray Shulman, walikuwa na bendi ya awali iliyoitwa Simon Dupree and the Big Sound. Mwaka 1967 wimbo wao "Kites" uliingia katika kumi bora za Uingereza. Wangeweza kuendelea kula matunda ya mti ule. Waliukimbia, wakaanzisha Gentle Giant mwaka 1970 pamoja na Gary Green wa gitaa na Kerry Minnear wa vinanda. Huyu Minnear ndiye wa kumwekea alama, kwa sababu alitoka Royal Academy of Music ya London akiwa amesomea utunzi. Alikuja kwenye roki akiwa ameyabeba mafunzo ya watunzi wa kale, jinsi ya kuzipanga sauti kadhaa zitembee pamoja bila kukanyagana. Mpiga ngoma John Weathers, Mwelshi mwenye pigo zito lisilo na mapambo, aliingia mwaka 1972. Phil akaondoka mwaka uliofuata, wakabaki watano, na hao watano ndio waliorekodi Free Hand katika studio za Advision, London. Albamu ilifika nafasi ya 48 kwenye chati ya Billboard, na nchini Marekani hawakuwahi kupanda juu ya hapo.

Sasa tuingie ndani.

Wimbo unaanza bila chombo chochote. Sauti ya mtu inatoka peke yake na kipande cha muziki kifupi kinachorukaruka. Haijakaa sawa, sauti nyingine imeingia. Halafu ya tatu. Halafu ya nne. Muziki wa kufukuzana namna hii huitwa fyugi, jina lililotoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kukimbia. Kanuni yake ni hii: sauti ya kwanza inatoa wazo, tuliite mada, ikiwa uwanjani peke yake. Sauti ya pili inaidaka mada ileile kwa kimo kingine. Kwa desturi ya tangu zama za Bach, kama ya kwanza ilisimama kwenye do, ya pili itasimama kwenye so. Wakati huo ya kwanza hainyamazi. Inaendelea na mstari mwingine, uliotungwa makusudi ukae vizuri pamoja na mada. Kwa hiyo mtunzi hawezi kuandika huku akienda mbele tu. Anapoiweka noti ya kwanza lazima awe ameshajua ni nani atapita juu yake na nani chini yake muda mfupi ujao.

Aliyewahi kuimba "Haleluya" ya Handel wakati wa Krismasi au Pasaka anakifahamu kitu hiki mwilini mwake. Kuna pale ambapo besi wanatoka peke yao na mstari mmoja wenye kifua, teno wanaudaka, kisha alto, kisha soprano, na aliyekwishaupita mstari huo anapewa kitu kingine cha kuimba. Yule rafiki yetu wa besi alipokumbushwa hapo, uso wake ulibadilika. Akaanza kukaa kama mtu aliye mazoezini, mgongo wima, kidole kikihesabu gotini.

Lakini kuna tofauti inayoufanya wimbo huu uwe mgumu kuliko "Haleluya", na tofauti hiyo ndiyo iliyomchanganya. Kwa Handel kila sauti ina kundi la waimbaji, chini kuna okestra inayowashika, na pigo linatembea wazi kabisa. Hapa kila mstari umesimama kwa miguu yake mwenyewe. Hakuna ngoma, hakuna gitaa, hakuna besi. Saa ya wimbo imo ndani ya silabi: mwimbaji anapolitamka neno, konsonanti yake ndiyo kijiti kinachogonga ngoma. Ukilegeza konsonanti moja, mwenzako anakosa pa kuingilia.

Kisha kuna ukimya. Huu ulituchukua muda mrefu kuugundua, na tulipougundua wimbo wote ulifunguka. Katika mzunguko wa tano yule ndugu alipiga paja: "Nimemwona! Ananyamaza. Ndiyo maana nampoteza." Hivyo ndivyo ilivyo. Mistari haikutungwa iimbe mfululizo. Sauti inaimba noti chache, inakata, na katika tundu lile lile sauti nyingine inaingiza zake. Wewe msikilizaji unapata muziki mmoja unaotiririka, kumbe umepita midomoni mwa watu wawili au watatu. Aliyesikia amadinda, marimba ya Buganda, anaijua siri hii kutoka upande mwingine kabisa: mpigaji wa kwanza, mwenye sehemu iitwayo okunaga, na wa pili, mwenye okwawula, kila mmoja hupachika noti zake kwenye nafasi za mwenzake, na sikio linapokea wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga peke yake. Gentle Giant waliupenda sana ufundi huu wa kugawana noti. Utaukuta katika nyimbo zao nyingi, kwenye gitaa na vinanda pia. Hapa upo kwenye pumzi za watu, ndiyo maana unagusa zaidi.

Kwa nini basi sauti nne zisizo na chombo zisigeuke kelele za sokoni? Nadhani jibu kubwa ni kule kuingia kwa zamu. Sauti zote zinaanza na umbo lile lile, kwa hiyo ya nne inapofika sikio limeshaisikia mada mara tatu na linaitambua kama unavyoitambua sura ya ndugu wa rafiki yako. Jibu la pili ni aina ya makoo. Derek Shulman ana sauti ya kifua, kavu, yenye makali. Minnear ana sauti laini, nyembamba, inayokaa juu kama hewa. Zingefanana, mistari ingeshikana kama wali uliozidiwa maji.

Na maneno yake? Anayeimba anakumbuka penzi lililokwisha, anajaribu kulipima upya. Hapa ndipo ninapovua kofia. Mtu anayewaza mambo yaliyopita hawazi kwa foleni. Wazo halijaisha, lingine limelikatiza, la tatu linarudi kwenye la kwanza kwa namna nyingine. Mtunzi mwingine angeyaeleza hayo kwa beti tatu na kiitikio. Hawa wameyaweka katika umbo la muziki wenyewe: sauti nne ni mtu mmoja anayezozana na kumbukumbu zake. Wapo wanaosema muziki wa progresivu ni kuonyesha vidole vinavyokimbia. Huwa nawajibu kwa wimbo huu, kwa sababu hapa ufundi umetumwa kazi ya maana, na ukiuondoa maana nayo inaondoka.

Baada ya mbio zile wimbo unashuka. Inakuja sehemu ya pili, ya polepole, Minnear akiimba kwa upole mstari mmoja unaofuatika, na muziki wa chini yake una harufu ya Uingereza ya kale. Kwa dakika chache kumbukumbu zimetulia, mtu anasema jambo moja. Sehemu hii sitaichambua sana. Inapendeza, ina kazi ya kupumzisha, basi.

Kinachofuata ndicho kilichonifanya niuite wimbo huu mwalimu. Ile mistari ya fyugi inarudi, safari hii ikipigwa na vyombo. Kile kilichokuwa koo sasa ni kinanda, gitaa, besi, na Weathers anaingia na pigo lake la mguu mzito chini ya yote. Muziki ni ule ule. Lakini kwa vile tulishausikia uchi, sasa tunaweza kumtambua kila mmoja ndani ya nguo mpya. Jaribu kumwekea mgeni sehemu hii ya mwisho peke yake: atasikia bendi ya roki yenye fujo nyingi. Mwekee wimbo mzima, na atasikia watu wanne anaowajua, waliobadilisha mavazi. Kama wangeanza na vyombo wakamalizia na sauti, mpangilio ungebaki sahihi kwa kanuni zote za utunzi, ila mafunzo kwa sikio yangepotea.

Ajabu ni kwamba jukwaani waliubadilisha mpangilio huo. Katika Playing the Fool, albamu ya maonyesho iliyotoka mwaka 1977, wimbo unaanza na muziki wa chumbani: filimbi, fidla, chelo na vibrafoni, wakiipiga ile sehemu ya polepole. Ndipo wanaweka vyombo chini na kuanza kuimba. Wenzangu wamebishana kuhusu sababu zaidi ya mara moja. Mmoja anashikilia kwamba walitaka kuutuliza ukumbi kwanza, na sitamkatalia. Mimi naona pia sababu ya kifundi ambayo kila mwanakwaya anaijua. Sauti zisizo na chombo hushuka. Mnaanza kwenye kimo fulani, mnakaza, mnachoka, mnapomaliza mmeteremka nusu hatua bila kujua. Studioni kosa hilo linarudiwa hadi litoke. Jukwaani, pindi vyombo vinapoingia baada yenu, aibu inakuwa mbele ya watu wote. Wakitangulia kupiga vyombo, waimbaji wanaingia kimo kikiwa bado masikioni.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetaka kuugawa wimbo huu kwa wenzake ni kuanza na toleo la studio, na la jukwaani lifuate wiki nyingine, baada ya mistari kukaa kichwani. Tena tafadhali, si kwa spika ya simu. Spika moja ndogo inazibana sauti zote nne kwenye tundu moja, na wimbo ulioandikwa ili tutenganishe unakuwa uji. Tumia visikizi, au spika mbili zilizoachana. Mwaka 2021 mwanamuziki Steven Wilson aliichanganya upya albamu nzima, pamoja na toleo la kuzungukwa na spika pande zote, na ukilisikia hilo mahali penye vifaa utaelewa kwa nini tunalisifu.

Ukiupenda, rudi nyuma hadi "Knots" katika albamu ya Octopus ya 1972, uliotokana na kitabu cha R. D. Laing chenye jina hilohilo. Sauti pale zinagongana kwa ukali zaidi, na kwa maoni yangu ni mgumu mno kuwa wa kwanza, usimpe mgeni. Kisha nenda mbele hadi "Thoughts" wa bendi ya Marekani, Spock's Beard, wa mwaka 1996, na utasikia wanafunzi wa Gentle Giant wakilipa deni lao waziwazi. Bendi yenyewe ilivunjika mwaka 1980. Derek akawa mkuu wa kampuni za kurekodi. Yeye ndiye aliyewasaini Bon Jovi, na baadaye Dream Theater. Ray akawa mtayarishaji wa muziki, akafariki mwaka 2023. Siku ya habari ile hatukuzungumza mengi. Tuliweka "On Reflection", na kila mtu akashika sauti yake bila kuambiwa.

Juzi rafiki yetu wa besi amenipitishia karatasi ya daftari. Amejaribu kuiandika ile fyugi kwa solfa, kwa penseli, mistari mitatu imekamilika na imejaa alama za kufuta. Wa nne umemgomea. Anasema kuna mahali anasikia la, akirudisha anasikia so. Jumapili tunaukalia tena.