Fundi Asiyeanza na Betri

Pikipiki ikigoma kuwaka, neno la kwanza la dereva ni betri. Imekufa, imechoka, haishiki chaji, basi ninunue nyingine. Duka la spea halina sababu ya kumbishia. Ndiyo maana nawaheshimu mafundi wazuri wa Kiboriloni, pale mashariki mwa Moshi kwenye barabara ya Himo. Hao hawaanzi na betri. Wanatafuta kwanza umeme umefika wapi na umekwama wapi, na mfuko wa mteja unabaki umefungwa mpaka jibu lipatikane.

Kiboriloni ndiko inakoanzia barabara ya kupanda Old Moshi, kupitia Kikarara na Tsuduni hadi Kidia, na mlima wenyewe huchangia kuficha ugonjwa. Selfu ikikataa huko juu, dereva anaingiza gia ya pili, anabana klachi, anaserereka na mteremko, kisha anaachia klachi na injini inaitika. Pikipiki nyingi ndogo hupata moto wa plagi kutoka kwenye magneto, kwa hiyo hata betri ikiwa hoi zinawaka kwa kiki au kwa kusukumwa. Siku zinapita hivyo, hitilafu inakomaa. Halafu siku moja yuko chini sokoni, abiria kakaa na mkungu wa ndizi mapajani, na mteremko umeshamwishia.

Fundi ninayependa kumtazama kazini huanza kwa sikio. Anamwambia dereva abonyeze selfu, yeye anainama karibu na rilei. Ikilia tak-tak-tak ya harakaharaka, umeme upo lakini hautoshi: betri imeshuka, au kichwa chake kimelegea. Ikilia tak moja kisha kimya, rilei imeitikia lakini stata haijazunguka. Kusipokuwa na mlio wowote, anakwenda kwenye fyuzi, swichi ya selfu na swichi ya klachi. Na stata ikizunguka kwa mbio bila kuivuta injini, haigusi waya hata mmoja, kwa sababu hapo kilicholika ni klachi ya stata yenyewe, mle ndani ya injini. Hajashika spana bado, na tayari nusu ya mashaka yameondoka.

Kisha anapiga honi huku selfu imebonyezwa. Kwa nini asitazame taa kubwa? Kwa sababu kwenye pikipiki nyingi za aina hii taa ya mbele hulishwa na magneto, haisemi chochote kuhusu betri injini ikiwa imezimwa. Honi na indiketa ndizo zinazokula betri. Ujuzi wa namna hii unanifurahisha kuliko kifaa chochote cha bei mbaya.

Mchana mmoja alikuja dereva wa Old Moshi ambaye alikuwa ameshabadilisha betri, na selfu ilikuwa imerudia ugomvi wake. Fundi akaweka mita kwenye vichwa vya betri: 12.6, yaani imejaa. Fundi wa haraka angeishia hapo na kuilaumu stata. Huyu akasema, "Bonyeza, kaka." Namba ikashuka kidogo tu. Stata inayovuta umeme wake sawasawa huishusha betri ndogo kwa kishindo, hadi karibu na volti 10, kwa hiyo hapa kulikuwa na kitu njiani kinachouzuia umeme. Akahamisha nyaya za mita: moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye bodi ya injini. Hapo palitakiwa pawe karibu na sifuri. Selfu ilipobonyezwa tena, mita ikaonyesha zaidi ya volti 5. Nusu ya nguvu ya betri ilikuwa inaishia kwenye waya wa ethi.

Akaigusa boliti ya ethi kwa kidole. Ilikuwa ya moto. Alipoifungua, chini yake kulikuwa na kutu na tope lililokauka, mabaki ya masika na ya kuoshwa kwa maji ya kasi. Akasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akasugua na uso wa ndani wa kikombe cha waya, ambao wengi huusahau, akakaza, akapaka grisi juu. Selfu ikapiga mara moja.

Nimemwona pia akifungua stata, na hapo subira yake ni ya kiwango kingine. Kabla ya kulegeza boliti anachora mstari kwa msumari kuvuka ganda na kifuniko, ili virudi vilivyokuwa. Washa nyembamba anazipanga juu ya boksi lililokunjuliwa kwa mfuatano wa kutoka kwake, maana moja ikikosea upande stata itajikaza. Kaboni zikiwa fupi anabadilisha. Vumbi jeusi lililojaa katikati ya vipande vya shaba analichokoa kwa wembe, mfereji mmoja baada ya mwingine.

Betri za risasi na asidi ziligunduliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na hadi leo hazipendi pupa. Ya 5Ah fundi huichaji kwa nusu ampea, usiku kucha. Anayetaka ichemshwe kwa saa moja anaambiwa akatafute mahali pengine.

Kwa yule dereva, hata baada ya selfu kukubali, kazi ilikuwa bado. Fundi akaacha injini ingurume, akapandisha mafuta kidogo, akapima tena kwenye betri: 14.1. Chaji inaingia, na haizidi. Ndipo akafuta mikono.

"Ile betri ya zamani umeitupa?"

"Ipo nyumbani, fundi."

"Kesho uniletee niipime. Sidhani kama ilikuwa na kosa."