Neno "Kupitiwa"

Yako mambo ambayo mtu huyafanya pasipo kuyataka, na lugha yetu haiyatazami yote kwa jicho moja. Chafya haingoji ruhusa. Hata hivyo twasema mtu amepiga chafya, kama apigavyo ngoma. Mwayo nao hupigwa. Lakini kwikwi humshika mtu.

Katika maneno ya jamii hii hakuna lenye hila kama kupitiwa. Asili yake ni kupita. Mtu asemapo, "Nilipitiwa na usingizi," hujifanya njia, na usingizi humfanya msafiri. Linganisha na "Nililala." Ile ni- ya "nililala" ni ya mtenda, ile ya "nilipitiwa" ni ya mtendwa. Bawabu aliyeibiwa usiku hathubutu kusema "nililala" mbele ya tajiri wake. Huchagua "nilipitiwa", na mara nyingi asema kweli.

Taabu huanza pale jina la msafiri linapoachwa. "Samahani, Mwalimu, nilipitiwa." Ulipitiwa na nini? Wako wasemao walipitiwa na shetani, na hao angalau wamemtaja mshtakiwa, ijapokuwa hawezi kuitwa barazani. Likiachwa peke yake, neno hili halikiri wala halikani. Mimi humwamini zaidi mwanafunzi asemaye "Nimesahau", maana kosa amelitia mkononi mwake mwenyewe.

Labda msomaji ataona nalidhulumu neno. Sivyo. Mama aliyekesha siku tatu na mtoto mgonjwa, kisha alfajiri kichwa kikamwinamia kando ya kitanda, amepitiwa; kumwambia kwamba alilala ni ukatili, na ni kosa la lugha pia, kwani hiari yake yote ilikuwa katika kukesha.

Sasa mtazame dereva wa basi la usiku katika njia ya Nairobi na Mombasa. Amefika kituoni macho yamekwisha kuwa mazito. Abiria wamejaa, naye ashika usukani. Karibu na mapambazuko basi laacha njia. Akiulizwa, hujibu kwamba alipitiwa na usingizi, na kwa dakika ile jibu lake ni sahihi kabisa. Lakini watu hawakutiwa hatarini dakika ile. Walitiwa pale kituoni, saa alipokuwa macho, na kitenzi cha saa ile si "alipitiwa". Ni "aliondoka".